Kutoka Orodha ya Vyanzo hadi Chanzo Chenyewe: Mafunzo ya Utafiti wa Wanafunzi kuhusu Vita vya Maji Maji, 1968

Ikisiri

Wanafunzi wengi wa historia wanaweza kutaja aina za vyanzo vya historia bila kuwahi kushika hata kimoja. Makala haya yanachunguza jaribio la mapema la kuwafanya wanafunzi wa Afrika Mashariki kuwa watafutaji wa vyanzo: mradi wa utafiti wa Vita vya Maji Maji ulioendeshwa na Idara ya Historia, Dar es Salaam, mwaka 1968. Hoja kuu ni kwamba kumsaidia mwanafunzi kukipata chanzo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyahifadhi maneno ya chanzo katika lugha yaliyosemwa, na kumzoeza mwanafunzi kukihoji chanzo pamoja na mazingira yaliyokizaa. Mradi huo unalinganishwa na hati ya Kiswahili iliyoandikwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1965. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo kwa watunga mitaala, vyuo vya ualimu na taasisi za kumbukumbu.

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa kidato cha kwanza nchini Tanzania amelianza somo la historia kwa mada ya vyanzo. Hufundishwa kwamba kuna masimulizi ya mdomo, nyaraka, maandiko, akiolojia, isimu na makumbusho. Hufundishwa pia ubora na udhaifu wa kila kimoja. Mtihani unapofika, huvitaja na kuvifafanua. Anaweza kupata alama zote bila kuwahi kusoma barua moja ya ofisa wa kikoloni au kumhoji mzee mmoja kwa utaratibu. Walimu wa nchi jirani wataitambua hali hii bila kuelezwa zaidi.

Hasara yake haiishii darasani. Aliyezoea kupokea historia kama orodha ya majibu hana kinga anapoletewa madai ya uongo kuhusu nani alifika kwanza katika ardhi fulani, nani alimtawala nani, au nani ni mgeni. Katika ukanda wa Maziwa Makuu, nadharia za kikoloni kuhusu asili ya watu zilirudiwa shuleni na katika siasa hadi zikatumiwa kuhalalisha mauaji. Kumfundisha kijana kuuliza “hili limejulikanaje, na nani amelisema?” ni suala la usalama wa jamii kama lilivyo suala la taaluma.

Sababu inayotolewa mara nyingi kwa kutotumia vyanzo vya msingi ni kwamba viko mbali, ni vichache, na vimeandikwa kwa lugha za kigeni. Sababu hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Zaidi ya nusu karne iliyopita, wanafunzi wa Dar es Salaam walitumwa kutafuta vyanzo ambavyo havikuwa katika maktaba yoyote, wakavipata. Walichokifanya, na kilichopotea baada yao, kina mengi ya kufundisha leo.

2.0 Vita vya Maji Maji na vyanzo vyake

Vita vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya pwani ya Kilwa, pale watu wa Nandete walipong’oa pamba. Tangu mwaka 1902 serikali ya Kijerumani chini ya Gavana Götzen ilikuwa imeanzisha mashamba ya jumuiya ambamo wanavijiji walilazimishwa kulima pamba chini ya usimamizi wa majumbe na maakida. Wakati huohuo habari za dawa ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zilikuwa zimeenea. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini vita viliendelea kusambaa katika kusini yote hadi Ungoni, na havikuzimwa kabisa hadi mwaka 1907. Majeshi ya serikali yalichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Makadirio ya vifo peke yake ni somo la vyanzo. Upande wa Wajerumani ulikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria Mtanzania aliyeitafiti vita hiyo kwa kina, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mwanafunzi anayekariri tarakimu moja kati ya hizo hajajifunza historia. Anayeuliza kila tarakimu ilipatikanaje, nani alihesabu, na ni vifo vya namna gani vilivyoachwa nje ya hesabu, huyo ameanza.

Vyanzo vya vita hivi ni vya aina nyingi. Kuna mafaili ya utawala wa Kijerumani yaliyohifadhiwa Dar es Salaam na Ujerumani. Kuna kitabu cha Götzen mwenyewe kilichochapishwa mwaka 1909, ambamo gavana aliyeviendesha vita anavieleza vita hivyo kwa wasomaji wa kwao. Kuna taarifa za wamisionari, ambao nao walipoteza watu, akiwamo Askofu Cassian Spiss aliyeuawa Agosti 1905. Kwa Kiswahili kuna gazeti la Kiongozi lililochapwa Tanga katika miaka hiyo, na kuna Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Hata hivyo, hadi miaka ya 1960 karibu hakuna maandishi yaliyobeba kauli za wakulima walioing’oa pamba ile. Kauli hizo zilikuwa katika vichwa vya wazee.

3.0 Mradi wa mwaka 1968

Idara ya Historia ya Dar es Salaam, wakati huo ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ilikuwa changa. Terence Ranger, mkuu wake wa kwanza, na wenzake akiwamo Isaria Kimambo walikuwa na lengo la kuandika historia ambayo Waafrika ni watendaji wake. Zana za kazi hiyo zilikuwapo. Jan Vansina alikuwa amechapisha kitabu chake kuhusu mapokeo simulizi kwa Kifaransa mwaka 1961, nacho kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1965. Sehemu ya uzoefu wake ulitokana na utafiti katika Rwanda na Burundi. Kilichokosekana ni watu wa kuifanya kazi hiyo katika eneo kubwa na kwa haraka.

Haraka hiyo ilikuwa ya kweli. Mtu aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1905 alikuwa na miaka 78 mwaka 1968. Gwassa alikuwa amekwisha kuwahoji wazee wa Umatumbi na maeneo ya jirani, na pamoja na John Iliffe alihariri kijitabu cha kumbukumbu za vita kilichochanganya ushuhuda wa wazee na nyaraka. Mtafiti mmoja, hata awe hodari namna gani, asingeweza kufika Ungoni, Ubena, Mahenge, Rufiji na Uzaramo kabla wazee hawajatoweka. Hapo ndipo wanafunzi wa shahada ya kwanza walipoingizwa katika kazi. Walikwenda katika maeneo yaliyoguswa na vita, wakawahoji wazee, wakaandika ripoti, na ripoti hizo zikakusanywa pamoja kwa ajili ya watafiti wengine.

Mambo matatu yaliufanya mradi huo ufanikiwe kama kazi ya kufundishia. La kwanza ni swali. Wanafunzi hawakutumwa “kukusanya historia”. Mwaka 1967 Iliffe alikuwa amechapisha makala yaliyouliza vita vile vilipangwaje: manung’uniko ya wakulima, imani ya dawa na mamlaka ya kikabila vilichangia nini, na kwa mfuatano gani? Dai likishawekwa wazi, kila mahojiano yanaweza kulithibitisha, kulirekebisha au kulikana. Mwanafunzi mwenye swali la namna hiyo anajua anachokitafuta, na kwa hiyo anaweza kushtuka anapokikosa.

La pili ni lugha. Kijana aliyekua kusini alikuwa na uwezo ambao mwalimu wake kutoka Ulaya hakuwa nao: angeweza kusalimu, kusubiri, kuelewa fumbo na kujua ni lini swali linavunja heshima. Elimu yake ya nyumbani ikawa sehemu ya mbinu za utafiti. La tatu ni matumizi. Ripoti hazikuwa zoezi la kusahihishwa na kutupwa, kwani ziliingia katika hazina ambayo wanahistoria wameendelea kuitumia. Mtazamo huohuo ulionekana tena katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na Iliffe na kuchapishwa Nairobi mwaka 1973, ambacho kilijengwa kwa kiasi kikubwa na kazi za wanafunzi.

4.0 Kilichopotea

Mafanikio hayo yasifiche mapungufu, kwa sababu mapungufu yenyewe yana mafunzo.

Kwanza, swali linalomwongoza mwanafunzi humfunga pia. Mwaka 1956 Julius Nyerere alikuwa amevitaja Vita vya Maji Maji mbele ya Umoja wa Mataifa katika kuitetea Tanganyika, na kufikia mwaka 1968 vita hivyo vilikwisha kupewa nafasi ya chimbuko la taifa. Mzee aliyehojiwa mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha alijua kwamba kijana aliye mbele yake ametoka chuo kikuu cha serikali huru. Yaliyosemwa katika mazungumzo hayo ni chanzo cha mwaka 1905, lakini ni chanzo cha mwaka 1968 pia. Wanahistoria wa baadaye wamelizingatia hilo. Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri alionyesha kwamba katika Uzaramo vita haviwezi kueleweka bila njaa, nguruwe mwitu walioharibu mazao, na mivutano kati ya wanawake na wanaume iliyotokana na kazi za kulazimishwa. Jamie Monson naye, mwaka 1998, alivirudisha vita vya Nyanda za Juu za Kusini katika siasa za ushirikiano na mamlaka za huko, zilizoanza kabla ya Wajerumani kufika. Mwaka 2010 James Giblin na Monson walihariri kitabu kizima cha tafiti zinazovichunguza upya vita hivyo. Masimulizi yanayomweka mkulima mwanamume dhidi ya mkoloni hayakuwa uongo, ila yaliacha mengi nje.

Pili, na hili ndilo zito zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili, maneno yenyewe yalihama. Wazee walisema kwa Kiswahili, Kimatumbi, Kingoni na lugha nyinginezo, ilhali taaluma iliandikwa kwa Kiingereza. Katika vitabu na majarida ambamo ushuhuda huo hunukuliwa, mzee wa Umatumbi huzungumza Kiingereza. Mtu anapotafsiriwa na kijana aliye na haraka ya kuikamilisha ripoti, tofauti nyingi hupotea. Neno moja la Kiingereza linaweza kubeba vita, fujo, uasi na fitina bila kutofautisha. Msomaji hawezi tena kujua kama mzee alisema watu “walikataa”, “waligoma” au “walichoka”, ingawa kila moja lina nadharia yake ya historia ndani yake. Mkusanyo wa ripoti haukupata kuchapishwa kama kitabu cha kusambazwa shuleni, na wazee wenyewe hawawezi kuulizwa tena.

Matokeo yake yanaonekana katika shule. Mwaka 1969, mwaka mmoja tu baada ya mradi, Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjikitile kwa Kiswahili. Imesomwa na vizazi vya wanafunzi, na kwa wengi wao Kinjikitile ni yule wa jukwaani. Hilo si kosa la mtunzi, ambaye kazi yake ilikuwa sanaa. Tatizo ni kwamba kazi ya ubunifu ilimfikia mwanafunzi kwa lugha yake, na ushuhuda ukabaki katika maktaba ya utafiti kwa lugha nyingine. Mwalimu makini anaweza kuitumia tamthilia hiyo kama chanzo cha msingi kuhusu fikra za miaka ya 1960. Ili kuitumia hivyo, anahitaji kuwa na ushuhuda wa kuiweka kando yake.

5.0 Mfano wa Elisabethville

Ulinganisho na Kongo unaonyesha kwamba mambo yangeweza kuwa tofauti. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya watu waliowahi kufanya kazi katika nyumba za Wazungu, historia ya mji wa Elisabethville. Hati hiyo ilipigwa taipu kwa Kiswahili cha Katanga, nayo inauangalia mji wa migodi kwa macho ya waliopika, waliofua na waliofungua milango. Waandishi hawakusubiri chuo kikuu kiwaulize maswali. Walijiandikia wenyewe na kwa lugha yao.

Johannes Fabian alipoichapisha hati hiyo mwaka 1990 pamoja na tafsiri na uchambuzi, hakuondoa Kiswahili chake. Aliiweka matini ya asili mbele ya msomaji. Zaidi ya hapo, kwa kuwa tahajia na mgawanyo wa maneno haukufuata kanuni zozote za shule, hati ilieleweka vizuri baada tu ya kusomwa kwa sauti. Kalundi Mango, mzungumzaji wa Kiswahili hicho, aliisoma, na maneno yaliyoonekana kama makosa kwenye karatasi yakawa sentensi sikioni.

Hapa pana mafunzo mawili kwa mwalimu. Kwanza, chanzo kilichohifadhiwa katika lugha yake kinaweza kuhojiwa upya na kila kizazi, kwa sababu tafsiri ikitiliwa shaka, asili ipo. Pili, Kiswahili kisicho sanifu si kasoro ya chanzo. Mwanafunzi anayeisahihisha hati ya Yav kwa kalamu nyekundu amefuta ushahidi wa nani aliandika, alijifunza wapi kuandika, na alimwandikia nani. Kusoma kwa sauti darasani hakugharimu chochote, na kwa wanafunzi wa Kiswahili ni njia ambayo wenzao wanaosoma kwa lugha ya kigeni hawana.

6.0 Kutoka historia hadi darasani

Uzoefu wa Dar es Salaam na wa Lubumbashi unapendekeza hatua nne ambazo shule ya kawaida inaweza kuzifuata.

Hatua ya kwanza ni kuanza na swali dogo na vyanzo vichache vinavyopingana. Kwa mfano: kwa nini watu wa Nandete waling’oa pamba? Mwalimu anaweza kutoa kurasa mbili zenye kipande cha maelezo ya gavana kilichotafsiriwa, ushuhuda wa mzee wa Umatumbi, na beti za utenzi kutoka Lindi. Wanafunzi hueleza kila msemaji alikuwa nani, alikuwa wapi, alisema lini na kwa ajili ya nani. Ndipo waulizwe ni jambo gani wote watatu wanakubaliana, na ni jambo gani linatajwa na mmoja tu. Kumwachia mwanafunzi mlango wa maktaba ya nyaraka bila hatua hii ni kumpeleka sokoni bila kumwambia anunue nini.

Hatua ya pili ni kumfanya atafute kilicho karibu. Nyumba nyingi zina stakabadhi ya kodi, kadi ya chama, barua ya kazini, cheti cha ubatizo au cha ndoa, au picha yenye maandishi nyuma. Vyama vya ushirika, misikiti, parokia na mabaraza ya vijiji vina madaftari. Mwanafunzi akigundua kwamba kadi ya babu yake ni chanzo cha msingi, mada nzima ya vyanzo hubadilika maana.

Hatua ya tatu ni mahojiano yenye utaratibu: kuomba ridhaa, kueleza madhumuni, kuandika tarehe, mahali na jina kama mhusika ameridhia, kunukuu maneno yenyewe kabla ya kuyafupisha, na kuliandika pia swali lililoulizwa. Jibu lisilo na swali lake ni ushahidi uliokatwa nusu.

Hatua ya nne ni kurudisha. Nakala ya mahojiano iende kwa aliyehojiwa au familia yake, na nyingine ibaki shuleni mahali panapojulikana, ili darasa la mwaka unaofuata lianzie pale lile la kwanza lilipoishia.

7.0 Mapendekezo ya kisera

Mazingira ya sasa yanaruhusu mabadiliko. Katika mtaala mpya wa Tanzania ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, somo la Historia ya Tanzania na Maadili hufundishwa kwa Kiswahili. Lugha ya somo na lugha ya ushuhuda zimekaribiana kuliko wakati wowote tangu mwaka 1968. Ili nafasi hiyo isipotee, mambo manne yanapendekezwa.

(i) Taasisi za mitaala ziandae mikoba ya vyanzo kwa Kiswahili, kila mmoja ukiwa na swali moja na hati nne au tano, pamoja na maelezo ya asili ya kila hati. Ripoti za mradi wa 1968 na magazeti ya Kiswahili ya enzi ya Wajerumani ni mahali pazuri pa kuanzia.

(ii) Mitihani iwe na angalau swali moja linaloambatana na chanzo ambacho mwanafunzi hajawahi kukiona. Walimu hufundisha kinachopimwa. Bila hatua hii nyingine zote zitabaki kuwa nasaha.

(iii) Vyuo vikuu viweke kanuni kwamba mahojiano ya mwanafunzi yahifadhiwe katika lugha ya mhojiwa, yakiwa na rekodi ya sauti inapowezekana, hata kama tasnifu imeandikwa kwa lugha nyingine.

(iv) Taasisi za kumbukumbu za nchi za ukanda huu zibadilishane nakala za hati za Kiswahili. Hati ya Lubumbashi inaweza kusomwa Kigoma na Bujumbura, na ushuhuda wa Songea unaweza kusomwa Kampala, bila kupitia Kiingereza wala Kifaransa.

8.0 Hitimisho

Wanafunzi wa mwaka 1968 walifanya jambo ambalo hakuna mtafiti wa leo anayeweza kulirudia: walikaa mbele ya watu walioviona vita. Walithibitisha kwamba kijana aliyepewa swali zuri, maandalizi na imani anaweza kupata chanzo ambacho maprofesa hawajakipata. Hawakupewa, hata hivyo, utaratibu wa kuyatunza maneno ya wazee kama yalivyotamkwa, na hasara hiyo haifidiki. Leo wapo wazee wanaokumbuka madai ya uhuru, vijiji vya ujamaa, kambi za wakimbizi, migodi ya Katanga na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Hesabu ya umri iliyowasukuma walimu wa 1968 inawahusu wazee hawa pia, na wanafunzi wa kuwasikiliza wako madarasani sasa.